Ukuta wa Bati Una Pande Mbili

Nyumba ya mtu mmoja ina kelele zake. Mfuniko wa sufuria ukianguka, unazunguka sakafuni mpaka uchoke wenyewe. Hakuna wa kuuliza, "Nini hicho?" Asubuhi nawasha redio. Mtangazaji akisema, "Habari za asubuhi," mimi namjibu, "Nzuri, za kwako?" Cheka tu. Hata mimi hujicheka.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kiwandani wananiita Fundi Cheche. Kiwanda chetu kinatengeneza magunia, na nimekuwa humo miaka ishirini na miwili. Mashine ikivunjika mguu, naitwa mimi. Bomba likitoboka, naitwa mimi. Kazi ikiisha, hakuna anayeniita.

Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Alianguka jikoni, mchana, akiwa peke yake. Mimi nilikuwa kazini. Binti yetu, ambaye anaishi na kufanya kazi katika mji wa mbali, siku mbili kwa basi, alikuwa akimpigia simu. Alipiga mara tisa. Simu iliita juu ya meza, na mama yake yuko chini sakafuni.

Tangu siku ile, simu isiyopokelewa inamtia binti yangu kiwewe. Baada ya mazishi aliniambia:

"Baba, nitakupigia kila siku saa saba na robo mchana. Niahidi utapokea."

"Nitapokea."

"Sema naahidi."

"Naahidi, mwanangu. Hata nikifa nitapokea."

Hakucheka. Nilitamani kuyarudisha maneno yale mdomoni.

Basi ikawa hivyo. Ndani ya kiwanda hakuna mtandao, mabati yanaumeza wote. Kengele ya chakula ikilia saa saba, nachukua kikopo changu cha chakula na simu yangu, naenda getini. Saa saba na robo simu inaita.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Umekula?"

"Nakula."

"Na nani?"

"Na wenzangu. Watu wa vituko hawa, wee acha tu! Mbavu zinaniuma kwa kucheka."

Uongo mtupu. Nilikuwa nakula peke yangu, nimeketi juu ya tofali. Wenzangu wa zamani wamestaafu. Hawa vijana wa sasa ni watu wazuri, lakini wanaongea mpira na mambo ya kwenye simu, na mimi nikikaribia wananiamkia, halafu wananyamaza. Sasa ningemwambiaje binti yangu? Kwamba baba yake humaliza siku nzima bila kuongea na mtu ila redio na yeye? 

Dakika kumi zile ndizo zilizonishikilia. Nasema kweli kabisa.

* * *

Sisi mafundi wa pale tulikuwa na desturi yetu. Kazi ya kuchomelea karibu na mashine tuliifanya kati ya saa sita na saa saba, mashine zikisimama kupakwa grisi. Tulijitahidi kumaliza kiungo cha mwisho kengele ikikaribia kulia. Kisha tunasema, "Acha kipoe tukila." Tunavua kofia za chuma, tunaondoka wote. Tukirudi saa nane chuma kimepoa, mashine zinawashwa. Tuliona ni ujanja. Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, na mimi nikawafundisha wengine.

Siku moja msimamizi alinijia mbio. Msimamizi wetu tumempa jina la Tayari, kwa sababu ndilo neno lake. Hajakuambia kazi yenyewe, ameshauliza kama iko tayari.

"Fundi, kile kishikio cha bomba kimeachia ukutani. Kichomelee. Tayari?"

"Hata sijainuka, bwana."

Ukuta wenyewe ni wa bati nene na nguzo za chuma. Upande huu ni karakana yangu. Upande wa pili ni stoo ya magunia. Nilifanya nilivyozoea. Nilimwaga ndoo ya maji sakafuni. Nilisogeza matambara. Nilivaa kofia na glavu, nikachomelea. Cheche ziliruka, zikazimika kwenye maji. Nilijiona mtu mwangalifu sana.

Upande wa pili sikwenda kutazama. Nakuambia ukweli, haikunijia kichwani kwamba ukuta una upande wa pili.

Kengele ililia. "Acha kipoe nikila," nikajiambia, nikaenda getini.

Nilikuwa katikati ya kuongea na binti yangu niliposikia kelele.

"Moto! Moto stoo!"

"Baba, ni nini hiyo?" binti yangu akauliza.

"Aa, wenzangu wanataniana. Tutaongea kesho." Nikakata simu, nikakimbia.

Moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye madirisha ya stoo. Vijana walishika mpira wa maji, Tayari anapiga kelele, kila mtu anatoa amri. Mtu akauliza, "Ndani kuna mtu?" Sote tukasema hakuna. Ni saa ya chakula, nani awe stoo?

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mwanamke mmoja anatambaa, anakohoa, mkono wa nguo unawaka. Alikuwa Mama Sindano.

Mama Sindano anashona midomo ya magunia. Miguu yake huvimba kwa kusimama. Kwa hiyo saa ya chakula alikuwa anajilaza juu ya marobota ya magunia, kule nyuma kabisa, kulekule kwenye ukuta wangu. Miaka sita anafanya hivyo. Na sisi tulisema ndani hakuna mtu.

Vijana walimmwagia maji, tukamfunika, gari likampeleka hospitali. Zimamoto walifika, wakauzima moto. Mimi nilibaki nimesimama na kikopo changu cha chakula mkononi. 

* * *

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Walinipisha tu. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Hata mlinzi wa getini, ambaye kuongea ndiyo chakula chake, akawa ananiambia "Haya" na kugeuka.

Siku ya tatu nilipiga moyo konde, nikaenda hospitali kumwona Mama Sindano. Alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Kitanda cha jirani kilizungukwa na ndugu, wajomba na mashangazi. Kwake hakukuwa na kitu. Hata kikombe juu ya kabati hakikuwepo.

"Pole, dada," nikasema.

"Nimeshapoa. Kaa."

Nikakaa.  Akaanza yeye.

"Niliamka nikasikia harufu. Si moto, harufu tu, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Nikasema, labda ni wewe unachomelea. Nikalala tena. Mara ya pili nilipoamka, sikuona mlango." Akanitazama. "Ulikuwa wapi, fundi?"

"Getini."

"Unafanya nini getini?"

"Naongea kwenye simu. Binti yangu hunipigia kila siku saa ile."

Akavuta shuka kwa mkono mzima. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Una bahati. Mimi sina wa kunipigia. Hawa manesi waliniuliza wampigie nani simu kumwambia nimeungua. Nikawaambia mpigieni Tayari."

Tukacheka, ingawa haikuwa ya kuchekesha. Yeye aliacha kucheka kabla yangu, akageukia dirishani. Nilimuaga. Nilipofika nyumbani sikuwasha redio.

* * *

Wiki ile kiwanda kilimleta afisa wa usalama. Tulitegemea jitu lenye kitambi na filimbi. Akaja binti mwembamba, umri wa mwanangu. Siku ya kwanza alimkuta fundi mmoja anawasha mashine ya kuchomelea, akamuuliza, "Kibali kiko wapi?" Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu jina lake likawa Kibali, na yeye akalipokea kwa kicheko.

Alitukusanya nje, uwanjani. Mbele yake aliweka kopo la bati, na kando ya kopo mtungi wa kuzimia moto. Ndani ya kopo alitia vumbi la nyuzi za magunia, lile linalokaa juu ya nguzo na kwenye mianya. Akaniambia, "Baba, nipe cheche moja."

Nikakwaruza chuma kwa mashine ya kusagia. Cheche ziliruka, chache zikaingia kwenye kopo. Tukachungulia. Hamna kitu.

"Imezimika," akasema Tayari. "Tayari? Turudi kazini?"

"Hapana, kaka. Tuongee kidogo."

Akatuongelesha. Akauliza nani ana watoto wangapi, nani anatoka mbali zaidi, nani aliwahi kuungua. Vijana walianza kupiga soga. Tukalisahau kopo. Hata mimi, niliyekuwa na kila sababu ya kulikumbuka, nililisahau.

Kama dakika arobaini hivi zilipita. Akasema, "Sasa tazameni."

Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye kopo, mwembamba kama uzi wa kushonea. Akapuliza kidogo. Ukawaka moto.

"Ala!" Tayari akaruka nyuma.

Kibali akauzima. Kisha akasema, "Cheche haina haraka. Inaingia kwenye vumbi, inatulia, inakula ndani kwa ndani. Inaweza kukaa dakika ishirini, saa nzima, au hata zaidi. Nyinyi mlikuwa mnamaliza kuchomelea, mnasema acha kipoe tukila. Saa ile ya hatari ndiyo saa mliyokuwa mnaondoka wote."

Nilihisi macho ya watu mgongoni. Nikainua mkono. 

"Lakini mimi nilimwaga maji, binti yangu. Upande wangu hakukuwa na cheche hata moja."

"Najua, baba. Hukuwa mzembe. Njoo."

Akanipeleka ndani ya stoo iliyoungua, mpaka kwenye ukuta. Akaniwekea kidole palepale. Palikuwa na alama nyeusi kwenye bati, duara, sawasawa na kishikio nilichokichomelea upande wa pili.

"Bati linapitisha joto. Ulipochomelea upande wako, huku robota lilikuwa limeegemea ukutani. Na hapa chini, ona, kuna mwanya. Cheche zilipita."

Nilibaki nimeshika lile bati. Miaka ishirini na miwili nachomelea ukuta ule. Nikauliza, "Kwa hiyo ningefanya nini?"

"Kwanza, uulize kama kazi lazima ifanyike hapa. Kama chuma kinaweza kutolewa, kipelekwe uwanjani, mbali na magunia. Kama hakiwezi, kila kinachoshika moto kiondolewe, mita kumi na moja kila upande. Ni kama hatua kumi na tano. Pande zote mbili za ukuta. Vumbi lifagiliwe mpaka juu ya nguzo. Kisichoondoka kifunikwe na blanketi la kuzuia moto. Mianya izibwe. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na ujulikane kama unafanya kazi. Watu wote walioko karibu wajulikane, ili asibaki mtu amelala nyuma ya robota. Hayo yote yanaandikwa kwenye karatasi, tunatembea tunakagua, tunatia sahihi. Karatasi hiyo ndiyo kibali."

"Halafu?"

"Halafu awepo mlinzi wa moto. Kazi yake ni kutazama tu. Hashiki nyundo, hashiki simu. Na kazi ikiisha, anabaki saa nzima anatazama. Akiondoka, mwingine anakuja kukagua mara kwa mara mpaka jioni. Ukuta wenye pande mbili unataka walinzi wawili."

Tayari alikuna kichwa. "Saa nzima mtu amekaa anatazama ukuta? Nimtoe wapi mtu huyo?"

"Mimi hapa," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa Mama Sindano. Ametoka hospitali siku hiyohiyo, mkono bado una bandeji. Sindano haiwezi kushikika tena, labda kwa miezi, labda kwa muda mrefu zaidi.

"Mimi najua harufu ya gunia linaloungua," akasema. "Nyinyi hamuijui."

Kibali alitazama ile bandeji. "Utaweza kukaa humo tena, mama?"

"Nitakaa karibu na mlango," akajibu.

Kibali alimfundisha siku nzima. Namna ya kuvuta pini ya mtungi, namna ya kuelekeza bomba chini kwenye moto wenyewe na si kwenye ndimi zake, na kitu cha kwanza kabisa: akiona moshi, kupiga kelele na kubonyeza kengele. Moto ukimshinda, atoke. Chuma kinanunuliwa, alisema. Mtu hanunuliwi.

* * *

Zilipita wiki tatu. Kishikio cha pili kikalegea, kwenye ukuta uleule. Hakikuweza kutolewa, kilikuwa sehemu ya nguzo. Tayari akaja. Safari hii aliuliza, "Kibali tayari?" Sote tukacheka, na mimi nikiwemo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya moto kucheka pamoja nao.

Walinzi walipangwa. Upande wa stoo, Mama Sindano. Upande wa karakana kijana mmoja alisimama kutazama wakati nachomelea. Nikimaliza, ilikuwa zamu yangu kukaa saa nzima, ili yeye akale. Nilikubali mwenyewe. Deni lile lilikuwa langu.

Lakini nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Kama nitamaliza saa sita na robo, saa nzima itaisha saa saba na robo kamili. Natoka mbio, napokea simu. Sikumtaarifu binti yangu. Ningemwambia nini? Kuhusu moto sikumwambia kitu. Alidhani bado nacheka na wenzangu getini.

Basi mashine zikasimama. Nikataka kuanza.

"Bado," akasema Kibali. "Marobota yale mawili."

Yakasogezwa.

"Bado. Juu ya nguzo kuna vumbi."

Likafagiliwa. Jasho linanitoka na sijawasha kitu. Mianya ikazibwa. Ubao wa chini ya dirisha la ukuta uleule, usioweza kutolewa, ukafunikwa na blanketi. Tukatia sahihi. Nikachomelea. Nilipozima mashine, saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika arobaini.

Saa nzima ingeisha saa saba na dakika arobaini.

Simu yangu pamoja na kikopo nilikuwa nimevikabidhi asubuhi kwenye kibanda cha getini, ndivyo sheria inavyosema kwa mlinzi wa moto. Yule kijana alinipisha, akatoka. Kibali akaenda kukagua jengo jingine. Karakana ikawa kimya. Nikavuta kigoda, nikaketi, mtungi kando ya mguu.

Kisha nikasikia ngo, ngo. Mtu anagonga bati kutoka upande wa pili.

"Fundi?" Sauti ilikuja hafifu. "Upo?"

"Nipo, dada."

"Usiondoke. Mwenzio naogopa humu."

"Siondoki."

"Tugongeane kila baada ya muda. Mara moja ni kwamba nipo. Ukiona kibaya, gonga mfululizo."

"Nawe ukisikia mfululizo, usiulize. Toka."

Saa saba kasoro dakika kumi, nikagonga mara moja. Akagonga. Saa saba kamili, kengele ikalia, nikagonga. Akagonga. Ajabu, kale kamlio kalinifurahisha. Kulikuwa na mtu upande wa pili anayetaka kujua kama nipo.

Saa saba na robo ikafika.

Niliiona kwenye saa ya ukutani. Nilijua simu yangu inaita kwenye kile kibanda, na mlinzi wa geti ameenda kula. Nilimwona binti yangu anaisikiliza inavyoita. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nilijua anafikiria nini. Anafikiria sakafu ya jikoni.

Nikasimama. Getini ni dakika mbili kwenda, dakika mbili kurudi. Nimwambie tu, "Baba yuko hai." Chuma kilishapoa, nilikigusa. Hakukuwa na moshi wala harufu. Dakika nne tu! Nani angejua?

Nikapiga hatua tatu kuelekea mlangoni.

Ngo.

Alikuwa yeye, anauliza kama nipo.

Nilisimama pale katikati ya karakana, na machozi yakanitoka, mtu mzima na mvi zangu. Huku mtu ananiuliza kama nipo. Kule mtu ananiuliza kama nipo. Na mimi ni mmoja. Nikarudi nikagonga bati. "Nipo," nikasema, sijui kama alisikia. Nikaketi. Kukaa kule kuliniuma kuliko kuungua, na nimeungua mara nyingi.

Saa saba na dakika ishirini na tano. Niliinuka kunyoosha mgongo, nikatazama kila mahali nilipofundishwa: juu ya nguzo, chini, kwenye mianya, kwenye ubao wa dirisha. Pembeni ya blanketi, pale lilipojikunja kidogo, niliona kitu. Nikafikiri ni vumbi kwenye mwanga. Nikasogea. Lo! Uzi wa moshi, mwembamba kabisa, unatoka kwenye ufa wa ubao.

Sikufikiri. Nikagonga bati kwa ngumi, mfululizo, mpaka mkono ukauma. Nikasikia mlango wa stoo unafunguliwa kwa kishindo, na mara kengele ya hatari ikalia. Nikajua ametoka. Roho ikatulia. Nikavuta pini, nikafunua blanketi, nikaelekeza bomba kwenye ufa. Ubao ulikuwa umeanza kuwa mwekundu ndani. Nilipuliza mpaka ukawa mweupe kwa unga wa mtungi. Vijana walikuja mbio na ndoo, Kibali mbele yao. Aliung'oa ule ubao, akaukagua, akaulowesha, akaagiza upelekwe uwanjani.

"Dakika arobaini na tano," akasema, akitazama saa. "Kama lile kopo. Baba, ungekuwa umetoka..."

Hakumaliza. Nyuma ya ubao ule kulikuwa na stoo yenye marobota mia tatu, na mlinzi mmoja mwenye mkono mmoja mzima.

"Saa haijaisha," nikasema. "Acha nimalize."

Nikakaa tena, saa nzima mpya kuanzia pale, kama sheria inavyosema. Tayari mwenyewe aliketi na mimi kwa muda. Hakuuliza kitu.

* * *

Nilipofika getini, simu ilionyesha nimepigiwa mara kumi na saba. Nikapiga hapohapo. Alipokea kabla haijaita vizuri.

"Baba?"

"Niko hai, mwanangu."

Alilia. Alilia kama alivyolia makaburini, na mimi nikamwacha alie. Alipotulia nikamwambia yote. Moto wa kwanza, Mama Sindano, kopo, ukuta, hatua tatu. Nikamwambia na lile lingine pia.

"Na wale wenzangu wa kucheka nao, hawapo. Nakula peke yangu juu ya tofali. Miaka miwili nakudanganya. Simu yako ndiyo maongezi yangu ya siku nzima, ndiyo maana siku ile nilikimbilia simu, nikauacha moto."

 

"Baba," akasema, "unajua mimi mchana nakula wapi? Kwenye ngazi za nyuma za ofisi. Peke yangu. Ulipokuwa unaniambia habari za wenzako, nilikuwa naona aibu kukwambia. Nilikuwa nasema, angalau baba ana watu."

 Nikasikia anapangusa pua.

"Sikiliza," akaendelea. "Siku ya kuchomelea, hiyo kazi yenu ya moto, niandikie asubuhi. Sitapiga saa saba na robo. Nitasubiri mpaka umalize hiyo saa yako. Lakini uimalize kweli, usiniletee dakika arobaini."

"Unasikika kama Kibali."

"Huyo Kibali nampenda."

Tangu hapo mambo ni hivi. Desturi ya "acha kipoe tukila" imekwisha. Hakuna anayechomelea bila karatasi, na hakuna chuma kinachoachwa peke yake. Mwaka mzima hatujaita zimamoto. Mama Sindano hajarudi kwenye sindano, mkono umekataa. Sasa ndiye mkuu wa walinzi wa moto, ana kofia ya rangi ya chungwa, na vijana wanamwogopa kuliko Tayari. Siku zisizo na kazi ya moto tunakula pamoja, yeye na mimi, juu ya matofali mawili. Anakula polepole na analalamika sana. Simu ikiita humsalimia binti yangu naye, na wakianza kuongea hao, mimi nasahaulika na chakula changu kinapoa.

Leo asubuhi nimeandika, "Leo kazi ya moto." Binti yangu amejibu neno moja, "Nasubiri."

Nimeshamaliza kuchomelea. Mashine imezimwa, mtungi uko mguuni, saa ya ukutani naiona. Imebaki nusu saa, nami naandika haya kichwani tu, macho yako kwenye ukuta. Mama Sindano ameshagonga. Ngoja nimjibu.